Zimwi Likujualo: Kinachouongoza Mkono wa Mpigakura



Alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Agosti 2022, nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya kura katika shule moja ya msingi hapa Mombasa. Giza lilikuwa halijaondoka. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa makamo amejitanda leso, kitambulisho chake kakibana mkononi kama mtu anayechunga nauli ndani ya matatu. Tukaanza kuzungumza, maana foleni ikiwa ndefu watu huwa ndugu. Sikumuuliza anampigia nani. Hilo si adabu. Nilimuuliza tu, "Mama, umeamka mapema hivi, kwani huyo mtu wako unampenda sana?" Akanitazama, akasema: "Kumpenda? Hata simpendi, mwanangu. Lakini wale wengine wakiingia, sisi huku hata maji ya mfereji tutayasahau."

Maneno yale yamekaa nami mpaka leo. Nimesoma uchambuzi mwingi wa uchaguzi, nimesikia wataalamu wakizungumza usiku kucha kwenye runinga wakihesabu kura za kila eneo kama mwenye ghala anayehesabu magunia yake, na sijasikia aliyeligusa jambo lenyewe kama alivyoligusa mama yule kabla ya adhana ya alfajiri. Leo nataka tulichambue pamoja, msikilizaji, kwa sababu uchaguzi mwingine unakuja, na mtu asiyejua kinachouongoza mkono wake ataongozwa na mkono wa mwingine.

Ukiuliza kwenye baraza lolote Mkenya hupigaje kura, utajibiwa kwa neno moja: ukabila. Ukiomba maelezo, utaambiwa hakuna cha kueleza, damu nzito kuliko maji. Ukweli umo ndani ya jibu hilo, lakini ni jibu la uvivu. Wazee wetu walikuwa na methali inayofika ndani zaidi: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo imeshakubali kwamba mbele yetu kuna zimwi, na kwamba litatula. Inachotafuta ni nafuu tu. Likiwa linakujua, huenda likakubakishia mkono au mguu. Ndiyo hesabu aliyokuwa akiipiga yule mama kwenye foleni. Hakuwa akichagua mtu mwema. Alikuwa akichagua ataliwa na nani.

Na hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka 2015 kundi la wanauchumi, akiwamo Edward Miguel, lilichapisha utafiti juu ya barabara za Kenya kuanzia 1963 hadi 2011. Walitazama fedha zilizotumika na lami iliyomwagwa katika kila wilaya, kisha wakauliza rais wa wakati ule alikuwa wa kabila gani. Wakakuta kwamba wilaya za kabila la rais zilitumiwa fedha za barabara mara mbili, na zikajengewa lami yenye urefu mara tano, ukilinganisha na idadi ya watu wake. Mara tano, msikilizaji. Kwa hiyo mzee wa kijijini aliyempigia mtu wa kwao katika uchaguzi wa 1992 hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa ameishi miaka thelathini akiona kwa macho yake jinsi lami inavyokata kona kufuata nyumbani kwa mkubwa, na shule, na hospitali, na vyeo vya serikali vikifuata lami.

Utafiti huohuo uligundua na jambo la pili, nami hulirudia kila ninapopewa kipaza sauti. Upendeleo ule ulistawi katika miaka ya chama kimoja. Katika miaka ya ushindani wa vyama ulififia hata ukakaribia kutoweka, kwa sababu rais alijua kuna watu wa kumhoji na kura za kutafuta nje ya kwao. Kumbe zimwi linaweza kufungwa kamba. Lakini hofu haifi siku moja na kilichoizaa. Mtoto aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, na sisi tuliumwa kwa muda mrefu.

Ndiyo maana vyama vingi viliporudi, mwanzo wake ulikuwa wa kila mtu na kwao. Desemba 1992 Rais Daniel arap Moi alishinda kwa kama asilimia 36 tu ya kura. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana zaidi ya asilimia 60, na kila mmoja alibebwa zaidi na ngome yake. Miaka mitano baadaye hadithi ikajirudia, na Moi akashinda tena kwa kama asilimia 40.

Kisha ukaja mwaka 2002, na hapa wanaosema Mkenya hajui lolote ila kabila hukosa la kusema. Wagombea wakuu wawili, Mwai Kibaki wa upinzani na Uhuru Kenyatta wa KANU, walikuwa wote Wakikuyu. Hofu ya kabila ikawa haina pa kushika katika kura ya urais. Ilipoondoka hofu, watu waliuliza nini? Waliuliza kama wanataka kuendelea na KANU iliyotawala karibu miaka 40, na wakasema hapana. Raila Odinga alisimama Uhuru Park akatamka maneno mawili, "Kibaki tosha", na Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Waswahili na Wamijikenda wakampa Mkikuyu kura. Kibaki alipata kama asilimia 62. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nyumbani wakaingia darasani. Wanaokumbuka mwezi ule wanajua ninachosema. Kulikuwa na walimu wenye wanafunzi mia moja katika chumba kimoja, na bado walikuwa wakitabasamu.

Sitakaa sana kwenye 2007. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika vurugu zilizofuata uchaguzi na mamia ya maelfu walihama makwao, na wapo wasikilizaji wangu ambao kwao habari hiyo bado ni kidonda. Nitataja jambo moja tu. Desemba ya mwaka ule, kabla ya kura kupigwa, watafiti wawili, Michael Bratton na Mwangi Kimenyi, waliwahoji Wakenya. Watu hawakupenda kujitambulisha kwa kabila lao. Lakini walipoulizwa juu ya wenzao wa makabila mengine, walisema hao ndio wanaoongozwa na kabila, na hawaaminiki. Kila mmoja alimwona jirani yake na panga la ukabila, akaenda kuchukua ngao ya ukabila. Ngao zikawa nyingi kuliko mapanga, lakini kwa mbali mtu hawezi kutofautisha.

Halafu tazama kilichotokea miaka mitano baadaye. Mwaka 2013 Wakikuyu na Wakalenjin, waliokuwa wameuana katika Bonde la Ufa, walipanga foleni upande mmoja kuwachagua Uhuru Kenyatta na William Ruto. Wakalenjin waliompigia Raila kwa wingi 2007 walimpinga kwa wingi uleule. Kama ni damu, damu gani hubadilika katika miaka mitano? Kilichobadilika ni wa kuogopwa. Viongozi wao wawili walikuwa wanakabiliwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, huko The Hague, na wafuasi waliambiwa kwamba watu wa nje wanataka kuwachagulia kiongozi. Hofu mpya ilifunika hofu ya zamani. Uhuru alishinda kwa asilimia 50.07. Mwanasiasa mjanja anajua siri hii kuliko sisi: si lazima akufanye umpende, inatosha akufanye umwogope mwenzake.

Sasa turudi 2022, kwa sababu mwaka ule tumbo lilisema kwa sauti.

Mnakumbuka bei ya unga. Pakiti ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200, na nyumba nyingi hapa kwetu sima ya mchana iligeuka kuwa sima ya usiku tu. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amepeana mkono na Raila tangu Machi 2018, na sasa alikuwa akiwataka watu wa Mlima Kenya wampe Raila kura. Naibu wake, William Ruto, alizunguka nchi nzima na wilibaro, akisema habari ya mahasla, wale wanaohangaika kila siku, dhidi ya watoto wa wakubwa. Wasomi wengine waliicheka wilibaro ile. Waliokosea ni wao. Kijana anayesukuma mkokoteni wa maji kutoka alfajiri hadi magharibi hakuona kejeli. Aliona mtu aliyemtaja. Tarehe 20 Julai, siku ishirini kabla ya uchaguzi, serikali ikatangaza kushusha unga hadi shilingi 100. Katika maduka mengi unga huo haukuonekana, na palipoonekana ulikwisha kabla ya adhuhuri. Watu walielewa kwamba kama bei ingeweza kushushwa siku ishirini kabla ya kura, ingeweza kushushwa miezi sita kabla yake. Hilo liliwaudhi kuliko bei yenyewe.

Tafiti nyingi za maoni za wiki za mwisho zilimweka Raila mbele. Debe likasema vingine. Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila 6,942,930. Kiambu, kaunti ya nyumbani kwa Rais Uhuru, karibu robo tatu ya kura zilikwenda kwa mtu ambaye rais huyo aliwakataza wasimpigie. Kirinyaga, nyumbani kwa Martha Karua aliyekuwa mgombea mwenza wa Raila, ilikuwa vivyo hivyo. Wapo watakaonikumbusha kwamba mgombea mwenza wa Ruto, Rigathi Gachagua, alikuwa pia Mkikuyu, na kwamba kwa miaka mingi watu wa Mlimani walifundishwa kumwogopa Raila. Wana haki. Sisemi kabila lilikufa siku ile. Ninachosema ni kwamba mfalme wa kabila aliamuru, na kabila likakataa kwa sababu ya njaa na hasira. Hilo halingetokea kama watu wangekuwa kondoo kama tunavyoambiwa.

Pesa za kampeni nazo? Tuzitazame bila unafiki. Mkono mtupu haulambwi, na katika msimu wa siasa kila mtaa wa Pwani unajua siku ya leso, siku ya fulana, siku ya kilo mbili za unga, na ile noti inayokunjwa ndani ya kiganja wakati wa kusalimiana. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 humhesabu mtoaji na mpokeaji wote kuwa wakosaji. Lakini kura ni siri. Akishakupa, hana dirisha la kukuchungulia ndani ya kibanda. Kwa nini basi waendelee kutoa? Mtafiti Eric Kramon, aliyechunguza jambo hili hapa Kenya, alieleza kwamba zawadi ile ni ujumbe zaidi ya kuwa bei. Mgombea anamwambia maskini: mimi ninacho, mimi si bahili, ukifiwa nitakuja. Na maskini, ambaye serikali haimjii hata siku ya msiba, anausoma ujumbe huo vizuri.

Mimi simlaumu mama aliyechukua unga. Namlaumu aliyemwacha na njaa miaka minne na nusu kisha akaja na pakiti moja na mpiga picha. Nawaambia pia mama zangu na dada zangu: huyo anayekupa mia mbili za leo kwa miaka mitano, gawanya mwenyewe uone kila siku ni senti ngapi. Ni senti kumi na moja. Hata peremende ya mtoto hainunuliki.

Kuna nguvu nyingine ambayo haizungumzwi sana kwa sababu iko ndani ya nyumba. Mwaka 1940, Marekani, katika kaunti ya Erie jimboni Ohio, Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia watu kama 600 kutoka Mei hadi Novemba, wakati Franklin Roosevelt akishindana na Wendell Willkie. Lazarsfeld alikuwa mtaalamu wa redio, na redio ilikuwa mpya na yenye kutisha wakati ule. Walitarajia kuona jinsi matangazo yanavyogeuza watu. Waligundua kwamba waliogeuka walikuwa wachache mno. Watu wengi walipiga kura pamoja na nyumba yao, marafiki wao, wafanyakazi wenzao, na walipotaka kujua maana ya walichosikia redioni, walimuuliza mtu wanayemheshimu.

Sisi hapa hatukuhitaji kwenda Ohio kulijua hilo. Baraza la kahawa linajua. Habari ikishatoka redioni huingia barazani, na pale kuna mzee mmoja, au mwalimu mstaafu, au fundi wa cherehani, ambaye wote wanamsubiri aseme. Akitikisa kichwa, habari imekufa. Akisema "hapo pana ukweli", imefika kila nyumba kabla ya isha. Siku hizi baraza limehamia pia kwenye simu, na hapo pana hatari, kwa maana mzee wa barazani tunamjua alikozaliwa na deni alilolipa, lakini sauti inayosambazwa usiku wa manane kwenye makundi ya WhatsApp hatumjui mwenyewe. Mwaka 2018 wakubwa wa kampuni ya Uingereza ya Cambridge Analytica walinaswa kwa kamera ya siri wakijisifu kwamba waliendesha kampeni za Kenya za 2013 na 2017. Watu wa mbali walikuwa wakiitafuta hofu ya mama yule wa foleni ili waiuze. Basi sauti ikikufikia, ipeleke kwanza kwa mtu unayemwamini.

Nyumbani kuna na jambo la wake. Bado ninasikia wanaume wakisema kwa kujigamba, "Nyumba yangu ina kura nne", kana kwamba kura za mkewe na mabinti zake ni mbuzi wake. Dada yangu, kibanda kile kimejengwa kwa ajili yako. Mle ndani hamna mume, hamna shemeji, hamna mwenyekiti wa mtaa. Na ukidhani wanawake hawapigiwi kura, kumbuka kwamba 2022 kaunti saba zilichagua magavana wanawake, na mmoja wao, Fatuma Achani wa Kwale, ni wa kwanza Pwani nzima.

Hofu nyingine haina mafumbo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika wiki zilizofuata watu wa bara waliokuwa wakiishi Likoni na Kwale waliuawa na kuchomewa nyumba, na maelfu wakakimbia. Dhiki ya ardhi na ajira Pwani ilikuwa ya kweli, na bado ni ya kweli. Ilichukuliwa na wenye siasa zao ikafanywa panga, na wengi wa waliofukuzwa walikuwa watu waliodhaniwa watapigia upinzani. Mtu aliyelala uani mwa kanisa na mtoto mgongoni hawezi kurudi kupanga foleni mtaani kwake. Hiyo nayo ni njia ya kuhesabu kura, kabla hazijapigwa. Sisi Wapwani tuna wajibu wa kulisema hilo wenyewe, bila kusubiri watu wa bara watukumbushe.

Na sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu linatuhusu sisi.

Kenya imekuwa na marais watano, na wote wametoka katika makabila mawili. Hapa Pwani hatujawahi kuwa na zimwi linalotujua. Tumempigia huyu, tumempigia yule, tumeomba hati za mashamba ambayo babu zetu walizikwa ndani yake na bado tunaitwa maskwota. Shehena za bandari zilipolazimishwa kupanda reli mpya moja kwa moja hadi Nairobi, madereva wa malori, makarani na mama wauza chakula wa kando ya barabara walipoteza kazi. Jambo hilo likaingia kwenye kampeni za 2022, na Ruto, siku alipoapishwa tarehe 13 Septemba, alitangaza huduma za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Hiyo ni kura iliyolipwa, au angalau iliyojibiwa. Lakini wangapi kati yetu waliipiga?

Mombasa ilikuwa na wapigakura zaidi ya 640,000 waliojiandikisha. Waliojitokeza hawakufika nusu, ikawa kati ya kaunti zilizo mkiani kabisa. Watu zaidi ya 300,000 wa mji huu mmoja walikuwa na haki ya kupiga kura, wakabaki nyumbani. Ruto alimshinda Raila kwa kura 233,211 nchi nzima. Nitalirudia hilo kwa anayepika na hakusikia vizuri: wana-Mombasa waliokaa nyumbani walikuwa wengi kuliko kura zilizoamua nani awe Rais wa Kenya. Ni kweli kwamba siku moja kabla ya uchaguzi tume ya uchaguzi ilitangaza kuwa kura ya ugavana wa Mombasa na Kakamega imeahirishwa kwa sababu ya makosa kwenye karatasi, na wengine walikata tamaa. Lakini ugavana ni karatasi moja kati ya sita. Tulitupa na tano zilizobaki.

Nchi nzima kiwango cha kujitokeza kilikuwa kikishuka. Mwaka 2013 walijitokeza karibu asilimia 86 ya waliojiandikisha. Mwaka 2017, mwezi Agosti, karibu 79. Mwaka 2022, karibu 65. Ukihesabu, waliojiandikisha wasipige kura 2022 walikuwa kama milioni 7.8, yaani wengi kuliko waliomchagua mshindi. Wachambuzi huandika vitabu juu ya kwa nini watu walimpigia Ruto na kwa nini walimpigia Raila, na kundi kubwa kuliko yote hupitwa kama vile halikusema kitu. Nimewauliza vijana wa maskani yetu kwa nini hawakwenda. Mmoja aliniambia, "Kaka, kura ya kwanza niliipeleka alikoipeleka baba yangu. Ya pili nikapiga mwenyewe. Barabara ni ileile." Sababu nyingine waliyoitaja ni mahakama. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea Afrika. Mimi nilidhani hilo lingewapa watu imani. Kwa wengi liliwaambia kinyume: kwamba hata kura iliyopigwa vizuri huweza kuharibiwa na wanaohesabu. Katika marudio ya Oktoba, Raila alijiondoa, na waliojitokeza hawakufika asilimia 40.

Kijana asiyeamini karani wa kura hajakosa akili. Ila kuna jambo lililobadilika na ambalo halikutangazwa vya kutosha. Mwaka 2022 fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000 zilianikwa kwenye tovuti ya tume, na kila mwenye simu angeweza kufungua ya kituo chake akajumlisha mwenyewe. Watu walikaa mikahawani na daftari wakijumlisha. Miaka ishirini nyuma ungesema hilo ukaitwa mwotaji.

Na vijana haohao tunaowaita wavivu, Juni 2024 walijaza barabara za Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine kuupinga Mswada wa Fedha, bila kuulizana makabila. Wengine walirudi nyumbani ndani ya majeneza. Mswada ukaondolewa. Walionyesha kwamba hofu ya kabila si maradhi ya kurithi. Ninachowaomba, wadogo zangu, ni mjue kwamba waliouunga mkono mswada ule walichaguliwa kwa karatasi, na wengi wao watazitafuta karatasi hizo tena.

Uchaguzi ujao utakuwa wa kwanza tangu 2002 ambao jina la Raila Odinga halitakuwa kwenye karatasi ya urais. Alifariki tarehe 15 Oktoba 2025. Kwa miaka ishirini watu wengi wa nchi hii, hapa Pwani tukiwamo, walikuwa na jibu tayari kabla ya swali: wengine kwa kumpenda, wengine kwa kumwogopa. Sasa jibu halipo. Watakuja wengi kutuuzia jingine, na njia rahisi kwao itakuwa kutuonyesha wa kumwogopa. Wakija mtaani kwako, usiwaulize wanamchukia nani. Waulize hati ya shamba itatoka lini, na kwa sheria ipi. Waulize maji. Mtaani kwetu, mpaka asubuhi hii ninapozungumza nawe, tunanunua maji ya mitungi kutoka kwa kijana wa mkokoteni, na yule mama wa foleni anaishi njia mbili nyuma ya kwangu.

Msikilizaji, uandikishaji wa wapigakura ulifunguliwa tena Septemba 2025. Kama umetimiza miaka 18 na hujajiandikisha, beba kitambulisho chako uende. Kama umehama, hamisha kituo chako usije ukajikuta siku ya siku jina liko Taita nawe uko Mtwapa. Uchaguzi ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Tukutane foleni.